Alipotaka Radhi



Ndugu zetu katika imani, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaoyajua ya ndani kabla yetu sisi wa mihrabuni, leo tuna jambo la kukiri.

Tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia, wamekuwa wakirejea mitaani kwetu vijana ambao miili yao imefika lakini usingizi wao haukufika. Mmoja wao ni jirani ya msikiti wetu, na kwa idhini yake twayaandika haya. Alipostaafu jeshini alianza kugawa vitu vyake: kanzu, saa, hata redio ya marehemu babake. Akapita nyumba hadi nyumba akitaka radhi na kulipa madeni madogo madogo. Mamake alitujia ana wasiwasi. Nasi, kwa elimu yetu yote ya chuoni, tukamwambia, "Mshukuru Mungu, mama. Mwanao ametubia."

Siku ya tatu alijaribu kujiua. Mkewe alimwahi.

Aya ya 29 ya Suratun Nisaa, inayokataza mtu kujiua, tulikuwa tukiihutubia kila mwaka. Tulichokuwa hatukijui ni namna ya kumwuliza mtu.

Muuguzi mmoja, binti wa mtaa huu huu, ndiye aliyetufunza: kamati ya msikiti, walimu wa madrasa na chama cha akina mama. Kwamba kugawa mali na kuaga watu ghafla huenda ikawa dalili. Kwamba mtu huulizwa waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?", na swali hilo halimtii wazo asilokuwa nalo. Akisema ndiyo, haachwi peke yake, vya kumdhuru huondolewa nyumbani, na husindikizwa hospitali, si kuelekezwa tu. Mzee mmoja wa kamati alikataa katakata neno hilo litajwe msikitini. Tukamwambia tumekwisha kulinyamazia, na tumeyaona ya kunyamaza.

Wengine waliogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba, ila hofu haijatoka vichwani. Wengine wakauliza habari ya jeneza. Mtume (s.a.w.) hakumsalia mwenyewe mtu aliyejiua, lakini wanazuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Shafi miongoni mwao, wanasema husaliwa kama Muislamu mwingine.

Kazi yenyewe, tuseme kweli, wameibeba akina mama. Mwanajeshi akirejea, wao humtembelea mkewe, si siku ya karamu bali mwezi wa pili, wageni wakisha kutawanyika.

Jirani yetu yuko katika matibabu, na redio amerudishiwa. Baada ya alasiri huja akaketi barazani, mgongo ukutani. Juzi tulimwuliza tena swali lile lile. Akacheka kidogo, akasema, "Leo hapana, shehe."

Wassalaam.