Kuvuta gari Masasi, kabla na baada ya lami

Zamani, barabara ya Kusini ilipokuwa vumbi kiangazi na tope masika, gari lililoharibika Masasi lilivutwa polepole kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam alisubiri kivuko cha Mto Rufiji, na hata daraja lilipokuja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kumeza magari kwa miaka mingi. Lori lililofunga Land Rover nyuma yake kwa kamba halikuweza kuzidi mwendo wa baiskeli. Wanaoukumbuka wakati huo huutaja kwa mashaka yake, na mashaka yalikuwepo kweli. Lakini katika jambo hili moja naona mashaka yale yalikuwa kinga. Mwendo ule ulisamehe makosa ambayo leo, kwenye lami, hayasameheki.

Tuanze na gari lenyewe. Land Rover za zamani, zile za kabla ya mwaka 1983, zilikuwa fowili ya kuchagua: magurudumu ya mbele hayakuvuta mpaka dereva awe amebonyeza kitufe cha njano au kuweka gia nzito kwa kijiti chekundu. Kijiti hicho kikiwekwa katikati, magurudumu yalizunguka bila kuigusa gia boksi kubwa. Fundi yeyote kuanzia Ndanda hadi Newala alilijua hilo, maana gari la misheni, la hospitali na la bwana shamba yote yalikuwa mamoja ndani. Baadaye zikaja za fowili ya muda wote, zenye difu ya tatu katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Hizi ukizinyanyua magurudumu mawili na kuyaacha mawili yaburuzwe, difu hiyo huzunguka kwa kasi ambayo haikuundiwa. Na ikiwa imefungwa kwa loki, basi gari hujaribu kujiendesha lenyewe likiwa juu ya ndoano. Gari la gia otomatiki lina tatizo jingine tena: pampu ya oili huendeshwa na injini, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa vyuma vinasagana vikavu, hata kama kijiti kimewekwa nyutro.

Juu ya hayo, magari yenyewe yamegeuzwa. Siku hizi si ajabu kukuta Land Rover yenye injini ya Toyota na gia boksi ya gari jingine kabisa, au Land Cruiser iliyoinuliwa springi, ikavishwa matairi mapana na bampa la chuma lililochomelewa gereji. Kazi hizo zina sababu yake. Mchanga wa juu ya uwanda wa Makonde ni mzito, na gari la chini halifiki shambani. Lakini gari lililogeuzwa limeachana na kitabu chake. Maelekezo ya kiwanda kuhusu kulivuta hayahusu tena kilichomo ndani, na aijuaye siri ni fundi aliyeligeuza, ambaye huenda yuko mbali. Ndoano iliyochomelewa kwenye bampa nayo ni ya mapambo mpaka ithibitike kuwa imeshikwa na chasisi. Ikinyofoka kamba ikiwa imevutika, chuma kile hurudi kama jiwe la manati, na aliye mbele yake ni dereva.

Ndiyo maana nashikilia kwamba gari lililogeuzwa, likitakiwa kwenda mbali, lipandishwe juu ya lori au lobedi. Ikishindikana kabisa, lifunguliwe propela shafti zote mbili kabla halijavutwa hata hatua moja. Ni kazi ya bolti chache kila upande. Shafti zikiwa zimetoka, haijalishi ndani kuna gia boksi ya nani, kwani hakuna kinachozungushwa zaidi ya ekseli na difu zake, ambazo zina oili yake.

Nitajibiwa kwamba wazee walivuta kwa kamba na wakafika. Walifika kwa mwendo upi? Gia boksi isiyopata oili hupata moto kadiri ya kasi na umbali. Kilichohimili saa nzima kwenye matope hakiwezi kuhimili lami ya Masasi hadi Mtwara, karibu kilomita 200, nyuma ya Fuso lenye haraka. Kuna pia mteremko wa kutoka Newala. Gari lililozimwa hupoteza msaada wa breki baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani wa pawa huwa mzito. Kwa kamba, aliye nyuma ndiye anayepaswa kufunga breki ili kamba isilegee, naye ndiye mwenye breki mbovu kuliko wote. Chuma cha kuvutia kinaondoa hofu ya kumgonga wa mbele, ila kinambebesha wa mbele breki za magari mawili. Na gari lililoinuliwa likivutwa na dogo, chuma hukaa mshazari na kulisukuma la mbele kisivyo.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi, nami siipuuzi. Lobedi haipatikani Tandahimba kwa kupiga simu. Lakini Fuso lipo, na ukingo wa udongo wa kulirudishia nyuma ili gari lisukumwe juu haukosekani kijijini. Likishapanda, lifungwe kwa ekseli au magurudumu. Likifungwa chasisi, springi ndefu huliachia lirukeruke mpaka mikanda ilegee, na kwa vile limeinuliwa, uzito wake uko juu na kona ni adui. Urefu wake upimwe kabla ya kupita chini ya nyaya za umeme.

Kinachobaki ni kuchagua wakati. Msimu wa korosho malori hushuka Mtwara yamejaa, na nafasi ya gari bovu hulipiwa kama ya mzigo wa mnada. Minada ikiisha, lori lililoleta saruji au bidhaa za dukani hutafuta mzigo wa kurudi nao, na bei huongeleka. Gari lililokufa Desemba linaweza kukaa chini ya mwembe mpaka Februari bila kuharibika zaidi. Likivutwa kwa kamba kwa pupa, litafika na ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.