Jicho Ukutani na Haki ya Jirani

Usiku ule wa Ramadhani tulitoka nyumbani sote, wakubwa kwa watoto, kwenda kuswali isha na tarawehe. Mlango tuliufunga kama tulivyozoea, geti tukalirudishia, na taa ya sebuleni tukaiacha ikiwaka ili mpita njia adhani kuna mtu ndani. Tuliporejea tulikuta mlango wa uani uko wazi. Mtungi wa gesi haupo, redio haipo, na cherehani ambayo mama wa nyumba yetu alikuwa akishonea nguo za Idi imechukuliwa pamoja na vitambaa vya wateja waliokwisha kulipa.

Kilichotuumiza zaidi ni hivyo vitambaa, kwani vilikuwa amana. Tulitumia siku kumi za mwisho za mwezi mtukufu tukienda nyumba kwa nyumba kuomba radhi na kupatana namna ya kulipa.

Waliokuja kutupa pole walikuwa na ushauri mmoja: tufunge kamera. Nasi, tukiwa na hasira, hatukuuliza zaidi. Baada ya Idi tulishuka mjini, tukanunua kamera moja ya nje kwa shilingi 85,000 na kadi ya kuhifadhia picha kwa shilingi 20,000. Fundi akaipachika chini ya paa, pembe ya nyuma, juu kabisa, akatuambia kuwa ikiwa juu itaona mbali. Ilikuwa kweli. Ikaona uani kwetu, ikaona michongoma, na ikaona ng'ambo ya michongoma.

Anayekaa upande wetu wa Sanawari anajua jinsi ardhi inavyopanda kuelekea Mlima Meru. Nyumba ya juu huitazama ya chini kama mtu aliyesimama anavyomtazama aliyeketi. Chini yetu anaishi mama mmoja mjane pamoja na mkwewe na wajukuu. Uani kwake ndiko kuna bomba, kamba ya kuanikia nguo na bafu la nje. Kwa miezi miwili tuliyaona hayo yote katika simu yetu bila kuyatia akilini, kwa kuwa macho yetu yalikuwa yakimtafuta mwizi.

Aliyegundua ni mama wa nyumba yetu. Alisema, "Mbona siku hizi kwa jirani hawaaniki nguo nje? Na mbona mkwewe akitoka kuchota maji hujitanda kama anakwenda sokoni?" Tukakumbuka pia kwamba tangu Idi hakuna sahani iliyovuka michongoma, na salamu za asubuhi zilikuwa zimepoa.

Tulikwenda kwake baada ya alasiri. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha kwa adabu kuliko ilivyo kawaida yake, na adabu hiyo ndiyo iliyotutisha. Tulipomuuliza kama tumemkosea, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Wanangu, sisi tulikuwa tukisikia mbwa anabweka, tunatoka kuwatazamia nyumba yenu. Sasa mna jicho lenu. Na jicho hilo linatutazama sisi."

Hatukuwa na jawabu. Katika kamati ya msikiti, ambayo sisi ndio tunaoiandikia mihtasari, tulikuwa tumekwisha kujadili suala la kamera na kukubaliana kwamba isielekezwe mahali pa udhu wa akina mama. Tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe. Lakini lile tulilolikataza msikitini tulilifanya nyumbani.

Dini yetu haikukataza tahadhari. Mtume (s.a.w.), alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea, alimwelekeza afunge kwanza kisha ategemee. Lakini dini hiyo hiyo, katika Suratul Hujurat, imekataza kupelelezana. Na katika Suratun Nur imekataza kuingia nyumba za watu bila idhini. Imepokewa kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni katika chumba cha Mtume, naye akamkemea vikali, akabainisha kwamba sheria ya kubisha hodi imewekwa kwa sababu ya macho. Kama tundu la mlango lilistahiki karipio hilo, tutasemaje juu ya tundu lisilolala, linalohifadhi kila lilichokiona?

Nchi yetu nayo ina la kusema. Katiba, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu faragha yake, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023.

Tulimwomba mama yule radhi, tukamwalika aje kwetu na mkwewe. Akaketi, tukamwonyesha picha zilizokuwamo. Akauliza swali ambalo hata sisi hatukuwahi kujiuliza: "Na hizi za nyuma zinakaa wapi, na nani mwingine anaziona?" Tukazifuta zote mbele yake. Siku ya pili fundi alirudi, akaiteremsha kamera na kuipachika juu ya mlango wa uani, ikitazama kizingiti na ngazi zetu tu. Kipande cha michongoma kilichobaki pembeni tulikifunika kwa weusi ndani ya programu ya kamera yenyewe, kwani nyingi zina uwezo huo. Kisha tukamwita jirani aje athibitishe kwa macho yake.

Baada ya hapo ndipo tulipokaa kufikiri lile tulilopaswa kulifikiri mwanzo. Mwizi aliingiaje? Komeo la mlango wa uani lilikuwa limeshikwa kwa skrubu fupi kwenye mbao laini. Teke moja lilitosha. Na uani palikuwa na giza. Kamera ya shilingi 85,000 ingempiga picha tu akiingia. Kitasa kipya, makomeo mawili ya chuma, skrubu ndefu na ujira wa fundi vilitugharimu shilingi 40,000. Taa ya sola inayowaka mtu akipita, shilingi 25,000. Kwa jumla ni chini ya bei ya kamera peke yake.

Kwa hiyo, kwa familia yenye kipato kama chetu, mpangilio tunaouona ni huu: mlango kwanza, taa ya pili, kamera mwisho. Jirani hana bei, naye yuko kabla ya vyote.

Ukifika kwenye kamera, usidanganywe na wingi wa vitu kwenye boksi. Moja inayotazama mlango kwa karibu, ikaonyesha uso, ni bora kuliko nne zinazoonyesha vivuli. Uliza kama inahifadhi picha kwenye kadi bila kulipia kila mwezi. Kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21 kwa siku, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa siku tatu. Ipange irekodi panapokuwa na mwendo tu. Tafuta alama ya IP65 au IP66 kwa ajili ya mvua za masika na ukungu wa Meru. Kumbuka kwamba umeme ukikatika, kamera isiyo na betri huzimika, na ruta huzimika nayo.

Na nenosiri la kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Jicho ulilolinunua wewe linaweza kutumiwa na mwingine ndani ya nyumba yako. Kwa sababu hiyo hatuweki kamera sebuleni wala chumbani.

Jambo la mwisho: picha ikimnasa mtu, ipelekwe polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, si kwenye makundi ya simu. Tunajua hasira za watu zinavyoweza kumwangamiza mtu kabla hajasikilizwa, na picha ya usiku hufananisha sana.

Ramadhani iliyofuata tulikwenda tena kuswali tarawehe, sote. Makomeo tuliyafunga, taa ilikuwa tayari, kamera ikitazama kizingiti chake. Kabla ya kuondoka tulipitia kwa jirani na bakuli la uji, tukamwambia tunatoka. Akatujibu kutoka bombani, kichwa wazi, mikono ina povu: "Nendeni wanangu, mtuombee na sisi. Nipo." Kamba yake ya nguo ilikuwa imejaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, na azihifadhi nyumba za majirani zetu kutokana na macho yetu. Amin.