Ndiva za Upare na Pampu ya Jua

Ukishuka kwenye basi pale Makanya, wilaya ya Same, utaona mashamba ya katani na vumbi. Mvua ni chache. Wakulima hungoja mafuriko yanayoteremka kutoka milimani, wakayaelekeza mashambani. Sasa inua macho. Milima ya Upare imefunikwa na mawingu, na kilele chake cha Shengena kinapita mita 2,400. Maji hayo yanatoka huko.

Panda kuelekea Bangalala. Huko utaonyeshwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na wazee. Maji ya kijito huingia usiku kucha. Asubuhi bwawa hufunguliwa, na mwenye zamu hupata maji yake. Hakuna mafuta wala mashine. Mteremko hufanya kazi yote.

Lakini shamba lililo juu ya ndiva halipati kitu, maana maji hayapandi mlima yenyewe. Hapo ndipo watu hufikiria pampu ya nguvu ya jua. Ni fikira nzuri. Ndiva hujaa usiku, na pampu hufanya kazi mchana. Je, iwekwe wapi?

Kwanza pima maji. Pima wakati wa kiangazi, siyo wakati wa masika. Kinga ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 10, una lita 2 kila sekunde. Kwa saa 12 za usiku utapata lita 86,400. Ekari moja ya mahindi, jua likiwa kali, huweza kutaka lita 20,000 kwa siku, bila kuhesabu yanayopotea njiani. Basi maji hayo hayafikishi hata ekari 5! Wengi hununua pampu kabla ya kupima ndoo moja.

Pima pia kimo. Kuinua maji mita 40 hutaka nguvu mara mbili ya kuinua mita 20.

Kisha tazama jua. Nenda mahali penyewe saa 3 asubuhi, urudi saa 9 alasiri. Ukikuta kivuli cha mlima, tafuta mahali pengine. Usiweke mitambo kwenye njia ya mafuriko.

Jambo gumu ni watu wa chini. Pampu haiongezi maji hata tone moja. Maji utakayoyapandisha leo, jana yalikuwa zamu ya mwenzako. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoko Moshi. Lakini kibali peke yake hakizuii ugomvi mferejini. Kabla ya kununua bomba, waiteni wenye mashamba ya chini, mhesabu zamu mbele ya wote. Mkikubaliana, ziandikeni kwenye daftari: nani, siku gani, saa ngapi. Daftari hilo sasa unaweza kulisoma mwenyewe.