Panya, Mbwa Mwitu na Wananchi Wenye Hasira



Juma hili tulikuwa tukipanga upya kabati la ofisi ya parokia, tukakuta bahasha yenye kurasa za magazeti ya Januari 2015, zilizokwisha kuwa za manjano. Tulizihifadhi sisi wenyewe, tukaihamisha bahasha hiyo kutoka parokia hadi parokia, na kwa miaka mingi hatukuwa na moyo wa kuifungua.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa jioni ya Ijumaa, tarehe 2 Januari 2015. Kwa walio mbali tueleze kwa kifupi. Habari zilienea kwamba kundi la vijana wenye mapanga, lililojulikana kwa jina la Panya Road, lilikuwa likipita mtaa kwa mtaa likipora watu, baada ya kumzika mwenzao aliyeuawa na umati. Uporaji ulitokea kweli katika baadhi ya maeneo, na walioumizwa waliumizwa kweli. Hatutaki kulipuuza hilo. Lakini ujumbe wa simu ulikimbia kuliko mwizi yeyote. Sinza, Mwananyamala, Magomeni: kila mtaa uliambiwa kwamba wameshafika mtaa wa jirani. Maduka yakafungwa, akina mama wakaacha mafuta ya maandazi jikoni, watu wakakimbia bila kumwona wanayemkimbia.

Sisi, tuliokuwa paroko msaidizi katika parokia mojawapo ya jiji hilo, tulikuwa tumemaliza Misa ya jioni ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Simu yetu ilikuwa imejaa maonyo. Tukasimama langoni pamoja na mlinzi, tukaona vijana watano wakija mbio kutoka upande wa barabarani, wawili wakiwa peku, mmoja kifua wazi. Tukamwambia mlinzi afunge lango. Akafunga. Wakagonga, wakaita, “Padri! Padri!” nasi tukarudi nyuma hatua kadhaa, tukijisemea moyoni kwamba hata mporaji hujua kuita padri. Haukupita muda mrefu, gari la polisi likasimama nje, na kelele zikakoma.

Asubuhi yake alikuja mama mmoja, mweka hazina wa jumuiya yake ndogo ndogo. Mwanawe, kijana wa miaka 19, hakulala nyumbani. Alikuwa ameambiwa kwamba yuko mahabusu. Kijana huyo alikuwa ametumikia altareni kwa miaka minne, na wakati ule alikuwa akijifunza kazi ya kinyozi. Alikimbia kutoka saluni pamoja na wenzake kwa sababu ileile iliyolikimbiza jiji zima: walisikia Panya Road wanakuja. Wakakimbilia kanisani, kwa kuwa ndipo mahali alipopajua.

“Padri, wewe unamfahamu mtoto wangu. Twende kituoni ukawaambie.”

Tukamwuliza, “Mama, una hakika hakuwa pamoja nao?”

Hakutujibu. Alijifunga khanga yake vizuri, akashuka ngazi za ofisi, akaenda peke yake.

Dominika iliyofuata, tarehe 4, ilikuwa Sherehe ya Epifania. Badala ya kuhubiri juu ya Mamajusi waliotoka mbali kumtafuta Mtoto, tulipanda mimbarini tukiwa na gazeti mkononi, tukawasomea waamini kichwa cha habari, tukasema juu ya kizazi kilichopotea. Watu waliitikia kwa vichwa. Mama yule alikuwa benchi la tatu. Tangu siku hiyo, kila tunapotaka kuwalaumu waandishi wa habari, hukumbuka kwanza kwamba mimbari nayo ni chombo cha habari, tena ambacho msikilizaji hana nafasi ya kukijibu.

Turudi kwenye bahasha yetu. Tukizisoma kurasa zile leo, jambo la kwanza linalotushtua ni lugha. Vijana wale wameitwa panya. Kabla yao lilikuwapo kundi lililoitwa Mbwa Mwitu. Hata kama kijana mwenyewe amejipachika jina la mnyama ili atishe, mhariri anayelichukua na kulichapa kwa herufi kubwa, bila hata alama za kunukuu, amelitanua lipate kuwaenea wengine wasiohusika. Maana nani huuliza panya fulani alizaliwa na nani, au usiku wa tukio alikuwa wapi? Panya wote ni panya.

Kisha tazameni upande wa pili. Katika magazeti yetu, umati unapompiga mtu hadi kufa, wauaji huitwa “wananchi wenye hasira”, na mara nyingine huongezewa “hasira kali”. Tumelisoma neno hilo tangu utoto bila kulitafakari. Aliyeiba simu hupoteza uraia wake na kuwa kibaka. Aliyemchoma moto kwa petroli na tairi hubaki mwananchi, tena tunaelezwa na hali ya moyo wake ili tumwelewe. Hasira ni ya binadamu. Panya hapewi hasira wala huzuni, hata anapotoka kumzika mwenzake.

Jambo la pili ni picha. Vijana wameketishwa chini, wengine bila mashati, mapanga yamepangwa mbele yao, na nyuma yao imesimama miguu ya watu wazima ambao nyuso zao hazikuingia katika picha. Katika siku zile polisi walikamata mamia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitika. Hapa tunasema juu ya watu ambao wengi wao walikuwa hata hawajashtakiwa, na nyuso zao zimekwisha kuuzwa mitaani pamoja na bei ya gazeti. Kijana wetu tulimtambua katika mojawapo ya picha hizo, mstari wa pili, ameinamisha kichwa. Ndiyo sababu ya kuhifadhi bahasha.

Tulikwenda kituoni Jumanne. Aliachiwa siku iliyofuata, bila shtaka lolote. Tulinunua magazeti kwa majuma mawili tukitafuta walau mistari miwili ya kusema kwamba fulani na fulani hawakuwa na kosa. Hatukuiona. Kukamatwa kwake kulikuwa habari; kuachiwa kwake hakukuwa.

Tusidhani kwamba mambo haya yalianza juzi. Enzi za Waingereza, vijana waliotoka vijijini kuja Dar es Salaam na kukosa kazi waliitwa wahuni, wakakamatwa na kurudishwa makwao. Mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, neno lililovuma lilikuwa wazururaji na wazembe, na misako ikafanyika tena. Bongo Fleva ilipoanza, wakubwa wetu waliuita muziki wa kihuni. Leo hakuna mkutano wa kampeni unaokamilika bila muziki huo, na hatujasikia aliyewaomba radhi waimbaji wa kwanza. Kila kizazi cha wazee kimewatungia vijana wake jina, nacho hujiona cha kwanza kuwa na vijana wabaya.

Tukitaka kuwa wa haki, yapo pia majina ya kusifu. Januari 2016, mwaka mmoja tu baada ya hofu ile, Mbwana Samatta, kijana aliyekulia Mbagala, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara, na kurasa zilezile zikamkumbatia. Tulifurahi pamoja na wote. Lakini tulijiuliza: kati ya panya na shujaa, wako wapi wengine? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na takriban theluthi moja yao wana umri wa miaka 15 hadi 35. Wengi mno hao, hawawezi wote kuwa waporaji wala wafungaji wa magoli. Yupo anayeamka saa kumi usiku kwenda Feri kununua samaki, yupo anayemwogesha bibi yake mgonjwa, na yupo anayenyoa nywele. Gazeti halina ukurasa wao, isipokuwa siku kiongozi anapowaita taifa la kesho, jina ambalo, tukilitazama vizuri, huwaambia wasubiri.

Mara moja tuliwaomba vijana wa VIWAWA parokiani wakate magazeti ya mwezi mzima na kubandika ukutani kila habari iliyomtaja kijana. Ajali za bodaboda, dawa za kulevya, mimba za wanafunzi, kamari. Binti mmoja alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda, akauliza kwa upole, “Padri, hapa nani ameulizwa swali?” Tukatafuta. Walioulizwa ni kamanda, mwalimu mkuu, mzazi, na, tukiri, padri mmoja.

Kijana wetu wa mwaka 2015 leo ni mtu mzima mwenye saluni yake. Sisi ni wateja wake kila tunapopita upande ule wa jiji, na kwa miaka yote hatukuzungumza juu ya jioni ile. Septemba 2022, jina la Panya Road liliporudi katika vyombo vya habari, tulikuwa tumeketi katika kiti chake, kitambaa shingoni, na televisheni iliyotundikwa ukutani ikaanza kuonyesha vijana walioketishwa chini. Akachukua rimoti, akahamia chaneli ya mpira. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma nyuma ya sikio letu.

“Padri,” akasema, “siku ile pale langoni, mlituona?”

“Tuliwaona, mwanangu.”

“Nilijua,” akasema. Akaizima mashine, akapuliza nywele kwenye meno yake, akatuomba tuinamishe kichwa kidogo.