Bomoa Ukuta, Usibomoe Nyumba

Jamani, kama kuna kitu kinachoipima ndoa kuliko maandalizi ya harusi, basi ni ukarabati wa nyumba. Mimi na baba watoto tulikaa wiki tatu hatuelewani kwa sababu ya madirisha. Ndiyo, madirisha!

Nyumba yenyewe iko Upanga, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, tuliachiwa na baba mkwe. Unazijua zile: ghorofa moja, upenu mrefu, madirisha ya luva, sakafu ya terazo, na pale kwenye ngazi ukuta wa tofali za matundu. Tatizo ni giza. Saa sita mchana taa zinawaka sebuleni!

Mwenzangu dawa alikuwa nayo tayari. Luva zote zing'olewe, tuweke vioo vikubwa vya aluminiamu, na kila chumba kiwe na kiyoyozi. Simu yake ilijaa picha za nyumba za California, zile ambazo kampuni ya Joseph Eichler ilizijenga kwa maelfu kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Kuta za vioo mpaka chini, sebule na bustani kama kitu kimoja. Nzuri, sibishi. Lakini jasho la Dar si la California, bwana. Hapa mwili unataka upepo. Dirisha la kuteleza, hata ulivute vipi, linafunguka nusu tu. Luva inafunguka karibu yote, na mvua ikinyesha unailaza kidogo, hewa inaendelea kupita.

Halafu nikaanza kujiuliza, hivi kweli mtu alichora nyumba yenye giza namna hii? Wasanifu wa enzi hizo walikuwa wanajua walichokifanya. Maxwell Fry na Jane Drew walitoa kitabu kizima mwaka 1956 kuhusu ujenzi wa nchi za joto na unyevu, na hapa Dar tulikuwa na Anthony Almeida, mzaliwa wa hapahapa. Mji huu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu, upenu unalizuia bila shida. La kuogopa ni lile la saa kumi jioni, linaloingia limelala kutoka magharibi. Na kweli, upande wa magharibi wa nyumba yetu hauna dirisha hata moja kubwa.

Giza lilikuja baadaye. Baraza ya mbele ilizibwa kwa matofali ikawa stoo. Tofali za matundu zikapigwa plasta. Uani kukaezekwa bati lote. Juu ya hapo grili, neti, na mapazia mazito kama ya ukumbi wa harusi.

Nikamwuliza mama mkwe, ambaye tunaishi naye, nani alifunga baraza. "Baba yenu," akasema. "Tuliibiwa mara mbili, mwanangu. Ya pili tukiwa ndani tumelala." Nikanyamaza.

Usiku ule ndipo baba watoto alipofunguka. "Mimi sitaki kuendelea kukaa kwa baba," akaniambia. "Nataka nikae kwangu." Kumbe luva kwake si luva. Ni za mzee, za kugombezwa kwa kuvunja kioo kimoja kimoja kwa mpira. Basi hapo mtu unaanza mazungumzo mapya kabisa.

Tukakubaliana hivi: yeye apate kioo chake kati ya sebule na uani, milango ya kukunja inayofunguka yote, chini ya kivuli. Vyumbani luva zinabaki, tunabadilisha vioo na fremu zilizoliwa na chumvi ya bahari. Baraza inazibuliwa, ila inapata grili nyepesi yenye kufuli. Plasta ya ngazini ikagongwa taratibu, tundu moja moja, na mchana ule ule ngazi zikapata mwanga.

Fundi wetu alitaka kuuangusha ukuta wa sebule siku hiyo hiyo, nyundo mkononi. Tukamwita injinia kwanza, naye akasema ukuta ule umebeba ghorofa. Bila bimu ya zege tusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Na wewe mwenye nyumba ya miaka hiyo, angalia paa la stoo: kama ni bati za asbesto, usikubali mtu azikate wala kuzitoboa. Vumbi lake linaua mapafu. Ita wanaojua kuzitoa. Kibali cha manispaa nacho kinachosha, ila kichukue.

Terazo tuliing'arisha tu kwa mashine. Watu wanauliza tumenunua wapi!

Sasa jioni mama mkwe anapepetea mchele wake barazani, anaona kila anayepita getini, na baba watoto ameweka kiti chake upande wa pili. Kiyoyozi tumefunga kimoja tu, chumbani kwetu. Februari ya Dar, jamani, tusidanganyane.