"Mamdogo, leveli za mwanzo zinachosha": gemu, haraka ya watoto na hela yako

Tunaendelea na mfululizo wetu wa watoto na simu. Mara iliyopita tuliongelea video na bando. Leo ni zamu ya gemu, maana swali linalonifikia sana ni hili: "Sista, mtoto ananiomba hela ya kununua vitu kwenye gemu. Anasema bila hivyo anapanda leveli polepole mno. Nimpe?"

Swali hilo ninalo hata nyumbani kwangu hapa Goba. Naishi na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, na hoja yake ni hiyo hiyo: "Mamdogo, leveli za mwanzo zinachosha." Sikutaka kumjibu kwa mkato. Siku zangu za mapumziko baada ya zamu za usiku nilikaa naye, nikafungua akaunti yangu, nikacheza mwenyewe. Nilichokiona ndicho nawaletea.

Kwanza tuelewane leveli ni nini. Siongelei gemu za mpira wala za magari. Hizi ni zile ambazo mtoto anapewa mhusika dhaifu, hana silaha wala hela, anamtembeza kwenye dunia yenye wachezaji wengine wa kila nchi kupitia intaneti. Akikata mti, akivua samaki, akiua panya, anapata pointi za uzoefu. Pointi zikitimia anapanda leveli, na akipanda anaruhusiwa vifaa vizuri zaidi na sehemu mpya za kwenda.

Sisi tulicheza Old School RuneScape. RuneScape ni gemu ya Uingereza iliyoanza mwaka 2001. Toleo hili la mtindo wa zamani lilitoka 2013, na 2018 likaingia kwenye simu. Ukianza unawekwa kwenye kisiwa kidogo. Hakuna vita kubwa pale. Unafundishwa kuvua kamba, kukata kuni, kuwasha moto, kupika, kuoka mkate, kuchimba madini na kutumia benki. Nilicheka sana, maana nyumbani kwangu kumwambia mtu awashe jiko la mkaa ni ugomvi, lakini humo ndani anawasha moto bila kutumwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwenye kazi ya kukata miti, kutoka leveli 1 kwenda 2 unahitaji pointi 83. Mti mmoja wa kawaida unakupa 25. Yaani miti minne tu, umepanda! Leveli ya juu ni 99, na kuifikia unahitaji pointi 13,034,431. Halafu sikiliza hii: nusu ya safari haiko leveli 50. Ukifika 50 una pointi 101,333, hata asilimia moja ya safari hujafika. Nusu yenyewe iko leveli 92.

Kwa hiyo kwa hesabu, mwanzo si polepole hata kidogo. Mwanzo ndiyo sehemu ya haraka kuliko zote.

Nyie mnaobeba kadi ya kliniki mnaujua mstari wa namna hii. Mtoto mchanga anaongeza uzito kwa kasi, kwa kawaida kwenye miezi mitano hivi ameshafikisha mara mbili ya uzito aliozaliwa nao, na akitimiza mwaka mara tatu. Halafu mwaka wa pili mwendo unapungua, ndipo mama anakuja kliniki ameshika kichwa: "Sista, mtoto ameacha kukua." Hajaacha. Mstari ndivyo ulivyo, na kama anaufuata vizuri hana shida. Waliochora leveli za gemu hii nao walichora mstari wa haraka mwanzoni na mzito mbele.

Basi kwa nini mtoto anaona mwanzo unachosha? Mimi nimeona sababu mbili.

Ya kwanza, anajilinganisha. Ametoka kisiwani na shoka lake la bei rahisi, anakutana na mtu aliyevaa vazi la vita linalong'aa kutoka kichwani hadi miguuni. Yeye panya tu anamhangaisha! Anasahau kwamba yule amecheza miaka. Ni kama mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki anaangalia mtoto wa jirani alivyonenepa, akirudi nyumbani anataka kumkorogea wa kwake uji wakati ana miezi mitatu. Wakati huo mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, mpaka miezi sita itimie. Haraka ile haikutoka kwa mtoto, ilitoka kwenye benchi.

Ya pili, kuna gemu ambazo kweli mwanzo wake umeandikwa vibaya. Tuwe wakweli. Unatumwa kuua nguruwe kumi, ukimaliza unatumwa kuua wengine kumi, unatembea njia ndefu hakuna jambo, hujifunzi kitu kipya. Mtoto akisema hiyo inachosha, ana haki, na mtu mzima mwenye saa moja tu ya kupumzika baada ya kazi ana haki zaidi. Ila hapo tatizo ni kurudia rudia bila kujifunza. Polepole yenye somo na polepole isiyo na somo ni vitu viwili tofauti.

Mimi polepole yenye somo naijua kwa jina. Waliosoma uuguzi hapa kwetu ngazi ya stashahada wanajua tulipandishwa kwa leveli kweli, NTA leveli ya 4, ya 5, halafu ya 6. Mwaka wa kwanza kila mtu anataka kuchoma sindano, lakini wewe unafundishwa kunawa mikono, kutandika kitanda na mgonjwa yumo juu yake, kupima joto na mapigo. Tulinung'unika. Ila leo usiku wodini kukiwa na mambo mengi, hivyo vya mwaka wa kwanza mkono unavifanya wenyewe na akili inabaki kwa mgonjwa. Mtu akikuuzia leveli ya 6 bila kupita ya 4, amekuuzia sare tu. Na siku ukilazwa wewe, hutaki nesi wa namna hiyo.

Kwenye gemu kubwa ya Marekani inayoitwa World of Warcraft jambo hili limeshatokea. Ilianza 2004, na kupanda leveli kulikuwa safari ndefu. Miaka ikaenda, wenye gemu wakarahisisha safari, na mwaka 2014 wakaanza kuuza kwa dola 60 nafasi ya kumrusha mhusika moja kwa moja hadi leveli 90. Unadhani wachezaji wote walifurahi? Wengi waliendelea kudai gemu ile ya zamani irudishwe, na 2019 ikarudishwa rasmi kwa jina la Classic, pamoja na mwendo wake wa konokono. Watu walipanga foleni kuingia. Walikuwa wanaitaka ile safari ya mwanzo.

Sasa tuje kwenye hela yako, maana hapa ndipo penye mtego.

Kuna polepole ya kufundisha na kuna polepole ya kuuza. Ya kuuza utaijua hivi: mwanzoni kila kitu ni chap chap, mtoto anasifiwa na zawadi zinamwagika. Akishanogewa, gemu inapunguza mwendo kwa makusudi na kumwekea kitufe cha kulipa pembeni. Clash of Clans, ya Finland, iliyotoka 2012, inaonyesha vizuri. Majengo ya kwanza yanakamilika kwa sekunde au dakika. Mbele huko jengo moja linachukua siku kadhaa, na ukitaka liishe sasa hivi unatumia vito, ambavyo vinanunuliwa kwa hela halisi. Hapo mtoto hajifunzi lolote kwa kusubiri. Anachouziwa ni dawa ya kero ambayo gemu yenyewe imeitengeneza.

Kwa hiyo akija na ombi, usianze na "hapana" wala "chukua". Muulize: ukisubiri bila kulipa, kuna kitu unajifunza? Ukilipa leo, wiki ijayo hawatakudai tena? Na ukishanunua hiyo leveli, utajua kuitumia? Wa kwangu la kwanza alijibu vizuri, la pili akanyamaza, la tatu akacheka. Hela hakupata, na hakununa sana, kwa sababu alijua mamdogo anajua anachokiongelea. Watoto wanaheshimu mtu aliyeunguza kamba wake mwenyewe.

Upande wa simu, mambo mawili. Kwenye duka la programu weka mpangilio wa kudai nywila kila mara kabla ya kununua. Na namba yako ya siri ya hela za simu mtoto asiijue, hata kama ndiye unayemtuma kwa wakala kila siku.

Sasa usingizi, na hapa naongea kama nesi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Huku kwetu wengi wanaamka saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule. Piga hesabu: ili apate hata hizo 9, saa 2 usiku awe ameshalala. Ndipo unasikia, "Mama, bado leveli moja tu nalala." Kumbuka ule mstari wetu. Mwanzoni leveli moja ni miti minne, dakika chache, mwache amalize. Lakini kutoka 91 kwenda 92 ni pointi 614,422. Kwa miti ile ile ya kawaida ni zaidi ya miti 24,000! "Leveli moja" ya huko mbele si ahadi ya leo usiku, hata akiwa mkweli kabisa. Mwambie apange kwa kazi ndogo: malizia safari hii ya samaki, weka mzigo benki, toka.

Na kama anabisha kwamba kulala kutamchelewesha, mpe hii. World of Warcraft wana kitu cha kupumzika: mhusika ukimwacha amelala nyumba ya wageni na wewe ukaondoka, ukirudi kila adui unayemuua anakupa pointi maradufu kwa muda fulani. Kama gemu yenyewe inamlipa mtu aliyepumzika, wewe mama unaogopa nini kuzima taa?

Tusitishane lakini. Kupenda gemu si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lina hali inayoitwa tatizo la uchezaji gemu, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo ni vizito: mtu ameshindwa kabisa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha, anaendelea hata anapoona madhara, na kwa kawaida hali hiyo imedumu kama miezi 12. Ukiona dalili za hivyo, shule imeshuka, hali, halali, hana rafiki tena, mpeleke kituo cha afya mkaongee na mtaalamu. Usimfiche wala usimwaibishe. Ila mtoto anayelalamika tu kwamba leveli hazipandi haraka, huyo ni mzima. Ana haraka kama binadamu wote.

Kazi yetu wazazi ni kumsaidia atofautishe. Pale panapofundisha, akae, achoshwe kidogo, ataona faida. Pale panapomchelewesha ili alipe, ajue kuinuka na kuondoka. Akilijua hilo kwenye simu akiwa darasa la sita, siku atakayokutana na mtu anayemuuzia njia ya mkato ya cheti, ya kazi au ya utajiri wa wiki mbili, atakuwa ameshaiona sura yake.

Posti ijayo tutaongelea watoto wa chini ya miaka mitano na skrini. Kama mwanao anacheza gemu ambayo sijaigusa hapa, niambie jina lake na anachokuomba. Nina mapumziko wiki hii, nitaicheza. Usiku mwema, na hizo simu zizimwe.