Kura ya Paa la Shule

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jimbo la California, Marekani, hekima hii imepewa nguvu ya sheria. Wilaya ya shule inapotaka kukarabati madarasa yaliyochakaa, huwaomba wapiga kura idhini ya kuuza hatifungani. Deni hilo hulipwa na wenye nyumba na ardhi kupitia kodi, kwa miaka mingi. Awali ombi lilihitaji thuluthi mbili ya kura, hivyo wachache waliweza kuwazuia wengi. Mwaka wa 2000, Pendekezo la 39 liliruhusu asilimia 55, ila kwa masharti: orodha ya miradi itangazwe mapema, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na kamati ya raia isimamie matumizi. Mishahara ya walimu haigharimiwi na fedha hizo.

Je, mzee asiye na mtoto shuleni aombwe kulipa? Naam, aombwe, naye ana haki ya kukataa. Kwa hiyo mwombaji hana budi kumwonyesha ufa wenyewe ukutani, na kila senti itakakokwenda. Mtoto anayenyeshewa darasani hapigi kura. Humtegemea jirani, na jirani hashawishiki kwa ahadi tupu.